Kinyozi Kimya na Kizibao cha Pazia

Kinyozi huyu watu walimwita Kimya, na jina lilimkaa kama shati la kupimiwa. Wenzake wa kazi ile ni watu wa maneno. Mteja akikaa tu kitini anapewa mpira, anapewa siasa, anapewa na ugomvi wa majirani, yote kabla mashine haijafika sikioni. Kimya aliuliza swali moja, "Kama kawaida?" na mteja akiitikia, basi, kinachobaki ni mkasi. Wapo waliopita vibanda vya vinyozi wengine ili wamfikie yeye. Walikuwa watu waliochoshwa na kelele za nyumbani na za kazini, nao walikaa pale wakafumba macho, na wengine ilibidi waamshwe.

Kitu kingine kilichomtambulisha ni mavazi. Suruali nyeusi, koti jeusi, viatu vyeusi. Alisema nguo nyeusi haioneshi nywele zinazodondoka. Mkewe alisema anaonekana kama mtu anayetoka kuzika kila siku. Kichwani alifuga nywele zilizosimama wima, zikakatwa bapa kwa juu kama meza, kazi ya mikono yake mwenyewe mbele ya kioo, na alizitunza kama bango la biashara. Hata baiskeli yake aliipaka rangi nyeusi, kuanzia usukani mpaka keria.

Kibanda chake kilikuwa njia panda, karibu na kituo cha mafuta, na nyumbani kwake ni ng'ambo ya daraja, kwa hiyo kila siku alikwenda na kurudi kwa barabara kuu ya pwani. Upande mmoja wa barabara ile ni mchanga na maji, upande wa pili ni magereji, wafyatua matofali na maduka ya vipuri. Katikati yake mabasi yanafukuzana, malori ya chumvi yanaguna, na upepo kutoka baharini unapuliza mchanga mpaka juu ya lami. Kingo za lami zenyewe zilikuwa zimemegeka kama mkate ulioachwa na panya.

Katika barabara hiyo, njia ya Kimya ya kujilinda ilikuwa ni kujifanya hayupo. Aliendesha kwenye kidole cha mwisho cha lami, mabega ameyakunja, macho ameyashusha kwenye gurudumu la mbele. Nyuma hakugeuka hata mara moja. Aliamini kwamba gari usilolitazama nalo litaona haya kukugonga.

Asubuhi moja basi lilimpita karibu kiasi kwamba alimsikia abiria akipiga chafya. Upepo wake ulimvuta kwanza, kisha ukamsukuma. Gurudumu la mbele likazama kwenye mchanga, na Kimya akaiaga barabara bila kelele yoyote, akaenda kukaa ndani ya mtaro uliojaa maji ya mvua ya juzi.

Nyuma yake alikuwa anakuja Muuza Mayai, jirani yake, na trei zake zimefungwa kwenye keria kwa mipira. Mtu huyu alikuwa kinyume cha Kimya kwa kila kitu, maana hata akiwa peke yake barabarani alizungumza na mayai. Akaegesha baiskeli taratibu, akachungulia mtaroni.

"Kaka, uko hai?"

"Niko."

"Umeumia?"

"Hapana."

"Lile basi lilikuwa na wazimu."

"Ndiyo," Kimya akasema, na kwake hayo yalikuwa mazungumzo marefu. Alipokwisha kutolewa na kukamuliwa koti, akaongeza jambo moja kwa hiari yake. "Usimwambie mke wangu."

Muuza Mayai aliahidi, na aliahidi kwa moyo mweupe kabisa. Bahati mbaya wateja wake wa jioni walikuwa mtaa uleule, na mke wa Kimya alikuwa mmoja wao. Kimya alipofika nyumbani, habari ilikuwa imetangulia, na njiani ilikuwa imenenepa. Basi limekuwa mabasi mawili yanashindana, na yeye amerushwa juu ya ukuta wa gereji.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa fundi wa mapazia. Cherehani yake ilikaa sebuleni chini ya dirisha, na mtu akiingia ndani ilibidi anyanyue miguu asikanyage kitambaa cha mwenyewe. Siku zote alikuwa na pini mdomoni. Jioni ile, mumewe alipotokea mlangoni na suruali imekauka matope, alizitoa zote, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kifuko chake. Kimya akajua mambo yameharibika.

"Imekuwaje?" mkewe akauliza.

"Nimeteleza."

"Umeteleza kutoka wapi mpaka wapi?"

Kimya akafikiri. "Kutoka barabarani mpaka mtaroni."

"Simama hapo hapo."

Alisimama akisubiri kugombezwa. Badala yake mkewe alichukua futi ya kamba akampima kifua, mabega na mgongo, akarudi kwenye mashine bila kusema neno, na hilo lilimtisha zaidi ya ugomvi wowote. Nyumba ile ilijua kimya cha mtu mmoja tu.

Chini ya kitanda chao kulikuwa na jora zima la kitambaa cha rangi ya machungwa, kimefumwa na nyuzi za dhahabu. Mwenye ukumbi wa harusi alikuwa ameagiza mapazia yake, na alipoyaona yametundikwa akaomba radhi, akasema wageni wake watashindwa kula. Sasa kitambaa kile kikapata kazi. Mama Pacha alishona kizibao, akakizungushia vile vipande vya utepe vinavyowaka vikipigwa na taa, ambavyo alivibandua kwenye koti kuukuu la wafanyakazi wa barabara. Mgongoni akashona pembetatu kubwa. Juu ya kizibao akaweka kofia ngumu ya baiskeli, nyeupe, kutoka duka la vipuri.

Kimya alikitazama kizibao kama mtu anayeoneshwa nyoka.

"Siwezi kuvaa hiki."

"Kwa nini?"

"Mimi kinyozi. Nani atampa shingo yake mtu aliyevaa hivi?"

"Na kofia?"

"Itanikandamiza nywele."

"Nywele zitaota tena," mkewe akasema. "Kichwa sijawahi kuona kikiota."

Lakini Kimya alikaza shingo. Kila asubuhi alitoka na koti lake jeusi, na kila asubuhi mkewe alitundika kizibao mlangoni ili akisukume kwa kichwa akitoka. Hata pacha wao, waliokuwa wanasoma shule ya bweni na wamerudi likizo, waligawanyika. Mmoja alisema baba avae, wa pili alisema avae lakini asipite karibu na rafiki zake. Mama Pacha alipoona maneno yake hayaingii, akampigia simu kaka yake.

Kaka yake alikuwa dereva wa lori la chumvi, jitu la tumbo kubwa na sauti ya kukwaruza. Alikuja siku yake ya kupumzika, akanywa chai, akakata mkate, akaulizia afya za watu wote. Suala la baiskeli hakuligusa kabisa. Mwisho akasema, "Shemeji, twende ukanisindikize. Nataka kulipeleka lori kwa fundi breki."

Kimya akapanda. Kiti kilikuwa juu kama dari la nyumba.

"Una kazi moja tu," shemeji yake akasema akigeuza ufunguo. "Ukiona baiskeli, niambie."

Wakaondoka. Jua lilikuwa limewakabili, bahari inameta pembeni, na kioo cha mbele kilikuwa na ukungu wa vumbi la chumvi ambao hakuna kitambaa kilichowahi kuushinda. Kimya alikodoa macho. Aliona mabango, aliona mbuzi, aliona mtu amebeba mlango kichwani. Walipofika darajani shemeji yake akauliza, "Umeona ngapi?"

"Bado sijaona."

"Tumeshapita nne."

Kimya akageukia kioo cha pembeni. Kweli, nyuma yao kulikuwa na watu wanakanyaga, wadogo kama sisimizi, na vumbi la lori bado linawashukia.

"Yule wa mwisho alikuwa na shati la kijivu," shemeji yake akasema. "Afadhali kijivu. Wewe na hilo koti lako, nikija kukuona, nimeshakufika. Na hili likishakimbia, breki si neno la kuambiwa likasikia papo hapo."

Mikono ya Kimya ilikuwa imeshika dashibodi. Mbele kidogo akaona kitu cha njano kinacheza kwa mbali, mbali kabisa, kabla ya kona. "Pale," akasema. Alikuwa mwanamke kwenye baiskeli, amefunga kilemba cha njano.

"Umemwonaje?"

"Kilemba."

"Haya. Dada yangu ana makosa gani?"

Wakampita yule mwanamke kwa nafasi nzuri, kwa sababu dereva alikuwa na muda wote wa kujipanga. Baada yake akatokea mzee aliyejibana kwenye ukingo wa lami, mabega ameyakunja, anatetemeka na kila jiwe. Kimya alimtambua, ingawa hakuwa amewahi kumwona maishani. Ni yeye mwenyewe aliyekuwa anamtazama.

"Huyu sasa ndiye ananiua moyo," shemeji akasema akipunguza mwendo. "Amejibana hivyo, dereva wa haraka anaona kama ameambiwa pita. Anapita, gari linakuja mbele, anarudi ndani, anamsukuma mzee wa watu. Angekaa hatua moja ndani ya lami, anyooke, kila mtu angejua lazima asubiri. Na akitaka kuhama, aangalie nyuma kwanza, atoe mkono. Sisi madereva si waganga. Hatujui mtu anawaza nini."

Walipotoka kwa fundi breki, shemeji yake akamrudisha Kimya. Alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye kioo, akachukua mashine, akanyoa ile meza ya nywele yote mpaka kichwa kikang'aa. Mama Pacha alimkuta anajaribu kofia. Akataka kucheka, akauma pini.

Kesho yake Kimya alitoka nyumbani akiwa amevaa rangi ya machungwa na dhahabu, kofia nyeupe imefungwa kidevuni, uso ameukaza. Mkewe alikuwa ameongeza mambo. Upande wa magari, kwenye keria, alikuwa amefunga kipande cha fimbo ya pazia kilichochomoza nje na kitambaa chekundu nchani, ili mwenye gari alinde rangi yake kama hajali kulinda mtu. Kimya naye alikuwa amefunga kwenye usukani kile kioo cha mkono anachowaoneshea wateja visogo vyao.

Hakuna aliyekosa kumwona. Mafundi wa gereji walisimamisha nyundo. Lori la mchanga lilimpigia honi, akashtuka karibu aanguke, kumbe dereva anampungia mkono. Wengine wakafuata. Wiki ile Kimya alisalimiwa na watu wengi kuliko aliowasalimia tangu aoe, na kila salamu ilimchoma kama sindano. Lakini alipotazama kwenye kioo chake aliona jambo jingine. Mabasi yalikuwa yanahama. Yalianza kuhama mbali, yakiwa bado madogo, yakampita kwa nafasi ya kupitisha ng'ombe.

Halafu kwenye kioo kilekile akaona trei za mayai.

Akapunguza mwendo. Trei nazo zikapunguza. Akaongeza, zikaongeza. Akasimama.

"Unanifuata?"

"Sikufuati," Muuza Mayai akasema. "Naenda na njia."

"Mbona nikisimama unasimama?"

"Kaka, nitakuwa mkweli. Tangu nikae nyuma yako sijavunja hata yai moja."

Kimya akapanda baiskeli, akaendelea. Siku iliyofuata nyuma ya mayai kulikuwa na Nesi wa zahanati ya njia panda, mwanamke mwembamba asiyependa mzaha, amekaa wima kwenye baiskeli kama yupo kwenye mizani. Baadaye wakaongezeka mafundi ujenzi wawili na pimamaji zao zimefungwa kwenye fremu. Hakuna aliyeomba ruhusa. Wakajipanga mmoja nyuma ya mwingine na kuanza kumtegemea, na mtu akishategemewa hana pa kwenda.

Tatizo likaja kwenye mashimo. Kimya alikuwa akiyakwepa kwa ukimya wake, na aliye nyuma akatumbukia. Nesi alipotumbukia mara ya pili alikuja akasimama mbele yake.

"Baba, una mdomo?"

"Ninao."

"Basi utumie. Ukiona shimo sema shimo. Ukiona basi sema basi."

Siku ya kwanza alisema "shimo" kwa sauti ya kumwambia mtu siri. Muuza Mayai peke yake ndiye aliyesikia, akalipokea, akalipeleka nyuma kwa kelele pamoja na maelezo ya shimo lenyewe, lina ukubwa gani na limechimbwa na mvua ipi, na alipomaliza kueleza wote walikuwa wameshatumbukia. Ikabidi Kimya apaze sauti mwenyewe. "Shimo." "Mchanga." "Lori nyuma, nyookeni." Sauti ilitoka na kutu, ikasafishika polepole.

Siku iliyowapa sifa ilikuwa ya daraja. Daraja lile lilikuwa refu na jembamba, halina pembeni pa kukimbilia, kuta zake zinamfikia mwendesha baiskeli kiunoni. Walikuwa wamekaribia kuingia, Kimya akaona kwenye kioo basi linakuja mbio, na ng'ambo ya pili linaingia lori la mafuta. Zamani angejibana kwenye ukuta. Sasa aliangalia nyuma, akatoa mkono, akasogea mpaka katikati ya upande wao wa barabara. "Ingieni nyuma yangu," akaita. "Nyookeni, msiyumbe."

Basi likaguna nyuma yao. Honi ikalia mpaka kioo cha usukani wa Kimya kikatikisika. Kondakta akaning'inia mlangoni. "We pazia. Hii barabara ya mamako?"

Lori la mafuta likawapita upande wa pili likiwa limejaza njia yake yote. Hapakuwa na nafasi ya kupenyeza hata fagio, na kila aliyekuwa darajani aliliona hilo. Muuza Mayai aliendelea kukanyaga huku ameacha kuzungumza, jambo ambalo baadaye Nesi alilitaja kama dalili mbaya kuliko zote. Walivuka kwa mwendo wa maandamano, basi nyuma yao kama mgeni wa heshima.

Mwisho wa daraja Kimya akatoa mkono, akawaongoza pembeni. Basi nalo likasimama. Dereva akashuka, mtu mrefu mwenye kifua cha kabati. Mafundi ujenzi wakashika pimamaji zao. Mdomo wa Kimya ulikuwa umeshazoea kazi.

"Ungepita pale," akasema, "ungetukamua ukutani, au ungekutana na lile lori. Hapakuwa na njia ya tatu."

"Najua," dereva akasema. "Nilikuona tangu kule kwenye matofali. Kondakta wangu ndiye ana haraka, mimi nina watoto." Akasogea, akashika ukingo wa kizibao, akakigeuza kati ya vidole. "Hiki kitambaa umekitoa wapi? Mke wangu amezunguka maduka yote anatafuta rangi hii ya sebuleni."

Mafundi ujenzi wakashusha pimamaji zao. Kisha Kimya akamwelekeza nyumbani kwake, nyumba ya pili baada ya pampu ya maji, aulizie Mama Pacha, na ajiandae kunyanyua miguu akiingia.

Jora la chini ya kitanda likaisha. Sehemu ilikwenda kwa dereva wa basi, ambaye mkewe aliipenda bila kujali nani atashindwa kula. Iliyobaki ilitoa vizibao vya msafara. Muuza Mayai aliomba chake kiongezwe mifuko. Nesi alikivaa chake baada ya kufumua nyuzi zote za dhahabu kwa mkono wake. Watu wapya wakajiunga, wengine wakaishia njiani. Kuna siku mmoja aliyekataa kofia alianguka peke yake kwenye mchanga akashonwa kidevu, na aliyemshona alikuwa Nesi, akimhutubia toka uzi wa kwanza mpaka wa mwisho.

Lililoharibika ni kibanda. Mdomo wa Kimya ulipofunguka barabarani haukujua tena kujifunga dukani. Alianza kwa kuwauliza wateja wamekuja kwa usafiri gani. Kisha akaanza kuwaeleza habari za kukaa hatua moja ndani ya lami, na mashine ikisimama hewani kila anapofika kwenye daraja. Mteja wake wa miaka mingi, mwalimu mkuu aliyekuwa anakuja kusinzia, alimsikiliza mpaka mwisho akiwa amenyolewa nusu.

"Mimi huja hapa kupumzika," akasema kwa upole.

"Samahani, mwalimu." Kimya akanyamaza, akanyoa kidogo. "Lakini baiskeli yako ina kioo?"

Mwalimu mkuu akahamia kwa kinyozi mwingine. Wapenda usingizi kadhaa walimfuata, na mahali pao wakaja madereva wa malori, ambao hawakutaka kulala bali kubishana. Kimya alibishana nao mpaka giza la kufunga.

Msimu wa mvua alishikwa na homa. Mama Pacha alificha kizibao, akamwamuru alale. Asubuhi kengele zikalia nje ya dirisha. Msafara ulikuwa umesimama pale, Nesi mbele, maji yanawachuruzika kwenye kofia.

"Tumekuja kukujulia hali tu, baba," Nesi akasema. "Leo nitaongoza mimi."

Kimya akafungua dirisha, shuka begani. Akawaambia mvua imeficha mashimo chini ya maji, wasiamini dimbwi lolote. Breki zikilowa zinachelewa, waachiane nafasi. Darajani kuna upepo wa ubavuni, mwenye trei ajihadhari. Na lori likipita linarusha maji, wafumbe mdomo lakini si macho. Akakumbuka na habari ya taa za nyuma, akaianza kutoka mwanzo.

"Kaka," Muuza Mayai akasema akipangusa uso, "kwa heshima zote, tutachelewa."

"Sijamaliza," Kimya akasema.

Mama Pacha akatokea nyuma yake, akafunga dirisha. Nje wakamsikia bado anaendelea.